Tepu nyeupe ya mafundi bomba na bodi za saketi

Ndugu yangu wa Chake Chake, umeuliza iwapo ile tepu nyeupe anayoizungusha fundi bomba kwenye hesi kabla ya kukaza koki ni kitu kimoja na kile kinachotajwa katika hataza (hati za kulinda uvumbuzi) za vilainisho na za bodi za saketi, yaani vibao vinavyobeba vipuri vya umeme. Naam, ni polima (dutu ya molekuli ndefu kama minyororo) ile ile, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Teflon.

Aliyeigundua ni Roy Plunkett, mkemia wa kampuni ya DuPont nchini Marekani, tarehe 6 Aprili 1938. Alifungua mtungi wa gesi na gesi haikutoka, ilhali uzito wa mtungi ulionesha kwamba haujawa mtupu. Ulipokatwa kwa msumeno, ndani mlikutwa unga mweupe unaoteleza. Hataza yake ilitolewa mwaka 1941.

Siri yake, nami naiona ni ya ajabu hasa, ni mnyororo wa kaboni uliofunikwa na florini pande zote, kiasi kwamba karibu hakuna kitu kinachogandana nao. Ndiyo maana unga wake huchanganywa na grisi ili kupunguza msuguano. Katika saketi za masafa ya juu, kama za rada, bodi hutengenezwa kwa polima hii kwa sababu mawimbi ya umeme hupoteza nishati kidogo mno yanapopita ndani yake, na kwa kuwa haiyeyuki mpaka nyuzi joto 327 za Selsiasi, hustahimili joto la kulehemu vipuri kwenye bodi.

Mabaki ya tepu hiyo, tafadhali, msiyachome pamoja na taka, kwani moshi wake una sumu.