Mama ananawa uso anapepesuka, ni uzee au sukari?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 66, sukari anayo mwaka wa 13 sasa. Siku hizi akitawadha, akifika kwenye kuosha uso anapepesuka mpaka ashike ukuta. Juzi katoka chooni na kandambili moja, nyingine imebaki mlangoni hata hajajua. Miguu anasema haimuumi kabisa. Ndugu wanasema ni uzee tu. Ni nini hii? Binti, Tanga.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ya kandambili ndo imenishtua kuliko hata kupepesuka.

Hebu fumba macho. Unajua goti lako limekunjwa au limenyooka, si ndio, na wala hujaliangalia. Kuna mishipa ya fahamu inayopeleka ubongoni habari za maungio muda wote, kifundo kimelalia wapi, kidole kimekaaje. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaiharibu, na inaanza na ile mirefu zaidi, ndo maana ganzi huanzia vidoleni ikapanda kama soksi. Umri nao unapunguza hisia hiyo hata kwa asiye na sukari, kwa hiyo ndugu hawajakosea sana, ila hilo neno "tu" walitoe.

Miguu ikinyamaza mama anatembelea macho. Mchana anaona sakafu, yuko vizuri, sasa akijimwagia maji usoni macho yakafumba hana tena cha kumwambia amesimama wima au ameinama, na umeme ukikatika usiku ni hivyohivyo. Kutoumwa nako kusikufurahishe, mguu usiosikia unaweza kukanyaga msumari ukaendelea na safari.

Mpeleke kliniki mwambie daktari ampime miguu. Atamfumbisha macho, atashika kidole gumba cha mguu kwa pembeni (akikishika juu na chini mama atajua kwa kule kubonyezwa tu) akisogeze kidogo, mama aseme kimeenda juu au chini. Kuna na ile uma ya chuma ya hezi 128, yaani inayotetemeka mara 128 kwa sekunde, inawekwa kwenye mfupa wa kidole, mama aseme kama anausikia mtetemo. Ni vipimo vya dakika chache, wakisahau wakumbushe, usione haya. Presha nayo wampime akiwa amelala halafu akisimama, maana kwa wenye sukari inaweza kushuka ghafla akiinuka.

Na kama anameza metformin, vile vidonge vya sukari, miaka yote hiyo, omba wacheki vitamini B12. Dawa hiyo inaweza kuishusha, na upungufu wake unaharibu hisia hizohizo, tena huo una tiba. Ila asiache dawa kwa kusoma hapa!

Nyumbani mwekee kigoda atawadhe amekaa. Taa ya chooni iwake usiku kucha. Kandambili aachane nazo, anunue viatu vinavyofunga kisigino, soli ngumu kidogo isiyoteleza, yale masponji laini yanayobonyea yanamzidishia kuyumba. Mazoezi afanye ameshika sinki la jikoni, anyanyuke kwa vidole ashuke, kisha mguu mmoja mmoja, na wewe uwe nyuma yake. Kila jioni kagua nyayo zake mpaka katikati ya vidole, na maji ya moto apime kwa kiwiko, asijaribie mguu.

Majibu ya B12 yakitoka niandikie.