Maswali ya Wasomaji: Faida na Nia Njema

Swali: Nataka kuuza miwani ya kusomea kwa watu wa kipato kidogo. Mwenzangu asema anayetafuta faida hawezi kudai anasaidia jamii. Je, nia hizi mbili hukaa pamoja?

Jibu: Hukaa, ila hugombana siku ya kugawa faida. Huruma, hamu ya kutambuliwa, haja ya riziki: wengi huanza na vyote hivyo, wala si aibu. Msipimane mioyo. Andikeni kwenye katiba ya biashara faida itakwenda wapi, mshahara wa mwanzilishi uishie wapi, lengo libadilishwe kwa kura ngapi, na mali ibaki kwa nani biashara ikivunjwa. Uingereza, tangu 2005, ina kampuni za manufaa ya jamii ambazo mali yake imefungwa kisheria (yaani ibaki kwa manufaa ya jamii, wenyewe wasigawane), na gawio la wenye hisa halizidi asilimia 35 ya faida inayogawika. Muhammad Yunus, mwanzilishi wa Benki ya Grameen ya Bangladesh inayowakopesha maskini, ni mkali zaidi: kwake mwekezaji hurudishiwa mtaji wake tu.

Kisha pigeni hesabu. Hospitali ya macho ya Aravind, iliyoanza Madurai, India, mwaka 1976 ikiwa na vitanda 11, hutumia ada za wanaolipa kuwatibu wasio na uwezo. Nanyi mwaweza kufuata njia hiyo. Tuseme jozi moja ya miwani inawagharimu 6, usafiri, pango na mshahara wenu vikiwemo (mshahara ndio husahauliwa). Mwenye uwezo alipe 10, asiye nao 3. Katika jozi 100, wa bei kamili wakiwa 45, mnapata 615 dhidi ya gharama ya 600. Wakishuka hadi 42, mnapata 594, mmeanza kula mtaji. Hapo ndipo kishawishi huingia: kuwafuata wenye fedha na kuwaacha mliowakusudia. Kila mwezi andikeni idadi ya wateja wa bei ya chini kando ya mauzo. Mauzo yakipanda huku idadi hiyo ikishuka, lengo limeanza kuhama.

Swali: Nitajuaje kama miwani imewasaidia kweli?

Jibu: Usihesabu jozi zilizouzwa tu. Baada ya miezi 3, chagua wanunuzi 30 kwa bahati nasibu, si wale wanaokusifu, uwaulize kama bado wanaivaa. Walioiacha, waulize sababu: mara nyingi ni lenzi isiyowafaa au fremu inayobana. La kwanza ni kosa la upimaji, la pili la ununuzi.