Kabla hujashika grenda: nilivyogeuza SanLG yangu kuwa boba

Boba ni pikipiki iliyovuliwa. Wamarekani waliouanzisha mtindo huu, miaka ya 1930 na 1940, waling'oa madigadi ya mbele, wakakata ya nyuma ikawa fupi, na kutupa kila kilichoongeza uzito bure. Ndiyo maana naamini kazi hii inawezekana nyumbani. Yangu, SanLG ya cc 125 iliyochoka kubeba abiria, niliifanyia barazani hapa Morogoro, na fundi wa kuchomelea nilimwita mara mbili tu.

Wiki ya kwanza usikate chochote. Toa keria, siti ndefu na plastiki za pembeni. Kila waya unaochomoa, upige picha kwa simu na uubandike tepu yenye jina lake. Bila hivyo taa ya breki itakutesa siku tatu. Kisha weka mto mahali unapotaka siti moja ikae, panda, shika usukani, kanyaga breki. Magoti yakibanana, sogeza mto. Ukishakata fremu, hutasogeza tena. Na mkia wa fremu ukatwe nyuma ya masikio yanayoshika shokapu, kamwe usivuke mbele yake.

Madigadi ya nyuma ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mara ya kwanza niliifunga kwenye fremu, karibu kabisa na tairi, ikapendeza mno. Tuta la kwanza tu, shokapu zikabonyea, tairi ikapanda na kusaga bati, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Ningekuwa kwenye mwendo mkali, gurudumu lingekwama. Niliifungua, safari hii nikaifunga kwenye uma wa nyuma, ile miguu miwili inayoshika ekseli, ili ipande na kushuka pamoja na gurudumu. Hapo sentimita 3 za nafasi zinatosha. Vishikio vyake viwe vya chuma bapa cha milimita 4, maana mtikisiko hupasua bati jembamba taratibu bila wewe kuona. Tairi nene nayo inavutia, lakini pima kwanza nafasi iliyopo kati yake na cheni.

Siku ya kuchomelea, chomoa betri na CDI (kile kiboksi kinachoamuru cheche ya plagi), na tangi lenye mafuta likae mbali kabisa.

Wengi hutoa boksi la hewa ili pale chini ya siti pabaki wazi. Nilifanya hivyo. Hewa ikazidi mafuta, injini ikawa inapiga mafyatuko na kuchemka, na plagi nilipoifungua ilikuwa nyeupe. Ilibidi nitafute jeti kubwa zaidi ya kabureta, yaani kile kitundu kinachopitisha mafuta, nijaribu hadi plagi ikawa na rangi ya kahawia. Kama huna subira hiyo, acha boksi mahali pake.

Indiketa, vioo na taa ya nyuma vibaki. Namba ya chesisi iliyogongwa shingoni mwa fremu usiisage wala kuizika kwenye rangi, na ukibadili rangi ya tangi, kadi ya usajili nayo irekebishwe TRA, mamlaka ya mapato.

Baada ya kilomita 50 za kwanza nilipitisha spana kwenye kila bolti. Nne zilikuwa zimelegea, mbili kati yake za vishikio vya madigadi.