Maswali ya gereji: Giulia chini ya mwembe

Barua za msimu huu wa kusi zimeelekea upande mmoja: sedani za Kitaliano za zamani, na zaidi Alfa Romeo Giulia. Kwa asiyeijua, ni gari la milango minne lililozinduliwa Monza mwaka 1962. Umbo lake ni la kisanduku, lakini chini ya boneti mna injini ya aluminiamu yenye kemshafti (mihimili inayofungua valvu) mbili juu, ikifuatwa na giaboksi ya gia tano. Tumejibu barua sita.

Salaam mabwana. Marehemu baba ameniachia Giulia Super ya 1967, injini 1600. Imekaa chini ya mwembe miaka 11. Rangi yang'aa bado. Fundi wa mtaani asema tuiwashe kwanza, tukisikia injini nzuri ndipo tuendelee. Nianze wapi?
*Msomaji, Tudor*

Pole kwa msiba, ndugu yetu. Fundi mwambie asubiri. Injini iliyolala miaka 11 ina kuta kavu za silinda na petroli iliyogeuka gundi ndani ya kabureta. Ukipiga stata katika hali hiyo, ringi zitakwangua slivu, yaani kuta za silinda, kabla oili haijapanda. Toa plagi nne, mimina kijiko kimoja cha oili safi katika kila silinda, acha siku mbili. Kisha izungushe kwa mkono, spana kwenye nati ya puli ya mbele, taratibu, mizunguko miwili kamili. Ikizunguka bila kukwama, rudisha plagi, ifunike, uiache.

Tunasema uiache kwa kuwa Giulia huuawa na mabati, si injini. Gari hili halina chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo uti wa mgongo, na vizingiti vilivyo chini ya milango ndivyo vinavyobeba mzigo. Injini inaweza kungoja kwenye meza mwaka mzima. Bodi haingoji, hasa Tudor, hapa Mombasa, ambako pepo za mkondo wa bahari huleta chumvi hadi barazani.

Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa chembamba, uipitishe bodi nzima. Inapoachia, chini ya hiyo rangi inayong'aa kuna puti ya kujazia, si bati. Baadaye shika bisibisi butu na ubonyeze kwa nguvu ya mkono tu: vizingiti kwa urefu wote, pale jeki inapoingia, pembe za chini za kioo cha mbele, sehemu za chini za matao ya magurudumu ya nyuma, boriti iliyo chini ya rejeta, na shimo la spea ndani ya buti. Bati zima hukurudishia mkono. Lililooza hutoa sauti kama ya biskuti.

Halafu inua mazulia. Juu ya sakafu kuna tabaka la lami la kupunguza kelele. Limeshikilia vizuri kwa macho, lakini mara nyingi bati lililo chini yake limekwisha. Kwa gari la chini ya mwembe kuna jambo jingine: matundu ya hewa mbele ya kioo. Majani huziba mifereji yake, maji ya masika hukosa njia ya kutokea, na huishia miguuni kwa dereva. Usipoizibua mifereji hiyo, sakafu mpya utakayochomelea itaoza kama ile ya kwanza.

Andika kila tundu kwenye karatasi kabla ya kununua chochote. Vizingiti vyote viwili vikiwa vimelika mpaka ndani, na boriti ya mbele pia, tafuta bodi nyingine kavu na uihesabu hii yako kuwa ghala la spea. Si jibu tamu kwa gari la marehemu, lakini hapo ndipo pesa za wengi huzama.

Fundi alikata kizingiti cha kushoto akaweka kipya. Kazi ya kuchomelea safi kabisa. Sasa mlango wa nyuma haufungi, wa mbele unagusa chini. Atengeneze bawaba?
*Msomaji, Magongo*

Bawaba asiziguse! Bodi imejikunja. Kizingiti kilipokatwa, katikati ya gari palikosa nguzo pakashuka kidogo, kisha kipya kikachomelewa palepale kilipoangukia. Kwa bahati mbaya dawa ni kukikata tena.

Safari hii, kabla ya grainda kuwaka, chomelea kwa muda vyuma vya mraba vya milimita 25 ndani ya uwazi wa kila mlango, kimoja cha kulala na kimoja cha mshazari. Gari lisilale kwenye stendi chini ya sakafu; liegemee pale uzito wake unapokaa siku zote, yaani kwenye ekseli ya nyuma na mikono ya chini ya mbele. Milango ibaki imefungwa mahali pake. Pima nafasi kati ya mlango na bodi juu, katikati na chini, uziandike kwa chokaa kwenye bodi yenyewe. Fanya upande mmoja hadi mwisho kabla ya kugusa wa pili.

Kizingiti cha Giulia si bati moja, ni tabaka: la ndani, la katikati na la nje. Mafundi wengi huweka la nje peke yake kwa kuwa ndilo linaloonekana, la katikati likabaki ungaunga. Muulize fundi wako hilo waziwazi. Likiwa limeoza, linaingia jipya kabla ya la nje kufunikwa.

Kuchomelea kwenyewe kuwe kwa mashine ya MIG (ile inayolisha waya yenyewe), waya wa milimita 0.6, vipande vya sentimita 1 au 2 kwa kurukaruka. Mstari mrefu wa moto mmoja hulipinda bati. Tangi la petroli litoke kwenye gari kabisa. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Betri nayo itolewe. Kazi ikiisha, nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani ya kizingiti kwa mpira mrefu, na uhakikishe vitundu vya chini vya kutolea maji viko wazi. Kuna wanaojaza povu humo ndani ili "kuzuia maji". Povu hulishika maji kama sifongo.

Nimepiga rangi mwenyewe nyumbani, asubuhi na mapema kukiwa hakuna vumbi. Imekauka na ukungu mweupe, na sasa, miezi minne baadaye, kuna vipele.
*Msomaji, Bombolulu*

Mambo mawili tofauti, dada. Ukungu ni unyevu: alfajiri ya Mombasa ndiyo saa yenye unyevu mwingi kuliko zote, na bati la usiku ni baridi, kwa hiyo mvuke hutua juu ya rangi mbichi. Bati linatakiwa liwe na joto la angalau digrii 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke huanza kugeuka maji. Kwa hapa kwetu piga rangi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, siku isiyo na wingu la mvua, na vumbi ulizuie kwa kumwagia sakafu maji mapema na kuiacha ikauke.

Vipele ni chumvi. Ilibaki kwenye vinyweleo vya bati, praima ikaifunika, ikavuta maji kupitia rangi. Msasa hauiondoi, unaisambaza tu. Ukishafika kwenye chuma kitupu, sugua kwa maji safi ya moto na brashi, suuza mara mbili, kausha papo hapo kwa hewa ya kompresa, kisha praima ya epoksi siku hiyohiyo. Maji ya kisima cha magadi usiyatumie, utakuwa unairudisha chumvi uliyoitoa. Chuma kitupu kikilala usiku mmoja nje, anza upya. Na ukitumia rangi yenye hadina (dawa ya kuigandisha), kitambaa puani hakitoshi. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa rangi.

Oili ya Giulia yangu imekuwa kama maziwa ya chai. Tumefungua silinda hedi, gasketi inaonekana nzima. Fundi amezungusha krenkshafti (mhimili mkuu wa injini) kusafisha pistoni. Tatizo ni nini?
*Msomaji, Kizingo*

Tatizo lilikuwa moja, sasa huenda ni mawili. Slivu za injini hii ni za chuma na zimezungukwa na maji moja kwa moja. Zimesimama ndani ya bloku ya aluminiamu bila kubanwa na kitu isipokuwa silinda hedi kwa juu, na chini kila moja ina oringi ya mpira inayotenga maji na oili. Oringi hizo zikizeeka maji hushuka kwenye oili, ndiyo maana gasketi yako ni nzima. Na hedi ikiwa imetoka, ukizungusha krenkshafti pistoni huzivuta slivu juu, hata zile oringi zilizokuwa salama zikaachia. Kabla ya kuzungusha, slivu zote nne hubanwa kwa vipande vya bomba na washa pana zinazofungwa kwenye stadi za hedi.

Sasa hakuna njia ya mkato. Toa slivu zote, ukizipa namba na kuweka alama upande wa mbele. Sugua viti vyake kwenye bloku mpaka aluminiamu safi, uweke oringi mpya nne. Kisha zibane na upime kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila (vibati vyembamba vya kupimia nafasi): kila slivu lazima itokeze juu ya uso wa bloku kwa sehemu chache za mia za milimita, na zote nne zilingane. Iliyozama hata kidogo haitabanwa na gasketi, na mtarudi hapa hapa.

Uso wa hedi nao uangalieni karibu na matundu ya maji. Ukiona aluminiamu imelika kama jibini, ijazwe kwa kuchomelewa na argoni, kisha ichongwe mashineni. Chanzo chake ni maji ya bomba au ya kisima kwenye rejeta. Tumieni kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale ya betri. Wakati wa kufunga, msisahau vioringi vidogo vya njia za oili kwenye gasketi; vikikosekana au vikikunjika, oili itavuja pembeni mwa injini mpya.

Kwa kuwa kemshafti zimeshatoka, rekebisheni valvu. Injini ikiwa baridi, za kuingiza hewa zinataka nafasi ya milimita 0.425 hadi 0.450, za moshi 0.475 hadi 0.500. Shimu, kisahani chembamba cha kurekebishia nafasi hiyo, iko chini ya kikombe, juu ya valvu, kwa hiyo mnapima zote nane kwanza, mnaandika, ndipo mnatoa kemshafti. Mfano: valvu ya hewa imesoma 0.35 na shimu yake ni 1.80. Mkiweka shimu ya 1.70 nafasi inakuwa 0.45. Kurudisha wakati wa valvu kufunguka, puli iwe kwenye alama P, yaani pistoni ya kwanza juu kabisa, na nundu za silinda ya kwanza zitazame nje, kila moja ikiipa mwenzake mgongo. Valvu za moshi zilizochakaa msizikate wala kuzitia kwenye grainda kwa mchezo: ndani zina sodiamu, na sodiamu ikikutana na maji hulipuka.

Kabureta mbili za Weber nimezisafisha mara tatu. Sailensa (mlio wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, injini inakohoa nikiachia mafuta.
*Msomaji, Likoni*

Acha kuzisafisha. Kati ya kabureta na manifoldi kuna vishikizo vya mpira vilivyogandishwa kwenye bati, vya kupunguza mtikisiko. Mpira hupasuka upande wa chini usiouona, ukavuta hewa ya ziada. Injini ikiunguruma, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye maungio hayo. Mlio ukibadilika, umempata mwizi. Vibadilishe vyote kwa pamoja, na uweke mhimili wa chini wa kabureta usiwe umekaza kupita kiasi, maana ndio huvivunja. Ndipo ulinganishe kabureta mbili kwa kusikiliza mvumo wa hewa kwa mpira mwembamba sikioni. Na jeti usizitoboe kwa waya. Shaba ni laini, tundu hupanuka na hairudi.

Gia ya pili inakwaruza asubuhi. Na rafiki yangu ana Alfetta, Alfa Romeo nyingine, inayotikisika. Ameshabadilisha tairi zote nne.
*Msomaji, Changamwe*

Kwako: kwanza jaribu rivasi. Kanyaga klachi, hesabu hadi tano, ingiza. Ikikwaruza, klachi haiachii na giaboksi haina kosa. Ikiingia kimya, sinkronaiza ya pili (ringi inayolinganisha kasi ya gia) imechoka, ugonjwa wa kawaida wa giaboksi hizi. Weka oili ya SAE 80W-90 ya daraja la GL-4, usiharakishe gia mpaka oili ipate moto, na itakuvumilia muda mrefu.

Kwa rafiki yako: mwambie aisimamishe Alfetta, gia huru, apandishe mizunguko. Ikitikisika papo hapo, tairi hazihusiki. Giaboksi na klachi za Alfetta ziko nyuma, kwa hiyo propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) huzunguka kwa kasi ya injini hata gari likiwa limesimama na klachi imekanyagwa. Propela hiyo ina viungo vitatu vya mpira. Atazame kila kimoja kwa tochi kuzunguka bolti zake; ufa wa upana wa kucha unatosha. Atie alama ya rangi kwenye propela na flanji kabla ya kufungua, la sivyo atarudisha mipira mipya na mtikisiko uleule.