Mafao ya askari aliyetoka jeshi la Marekani: tarehe kwanza, fomu baadaye

Tangu nivue sare ya jeshi la nchi kavu la Marekani, nikiwa na magoti mabovu na masikio yanayovuma usiku kucha, simu haikauki. Wanaopiga ni Waswahili wenzangu waliotumikia jeshi huku, na mara nyingi zaidi wake zao. Swali ni lile lile: tunastahili nini? Huwa nawauliza kwanza: ametoka lini, na mna karatasi gani mkononi?

Sababu ni kwamba VA, idara inayohudumia maveterani, haimtafuti mtu. Unaweza kuwa na haki miaka ishirini usione hata senti, kwa kuwa hukuomba. Na ukishaomba, tarehe ndiyo inayoamua malipo yanaanzia wapi. Ombi la fidia ya ulemavu likiingia ndani ya mwaka mmoja tangu utoke jeshini, malipo huhesabiwa kuanzia siku inayofuata ile uliyotoka. Mwaka ukipita, kwa kawaida huhesabiwa tangu VA ilipopokea ombi lako, hata kama uliumia zamani gani.

Kwa hiyo kama ushahidi wako bado haujakamilika, usikae kuusubiri. Kuna fomu fupi, namba 21-0966, ya kueleza kwamba unakusudia kuomba. Inakushikia tarehe kwa mwaka mzima huku ukikusanya vyeti vya hospitali bila haraka. Na wewe uliye bado kambini, unaruhusiwa kuwasilisha ombi siku 180 hadi 90 kabla ya kutoka. Tumia nafasi hiyo. Wakati huo daktari wa kambi bado anakufahamu na faili lako halijasafiri popote.

Karatasi ya kulinda kuliko zote ni DD 214, inayoonyesha ulitumikia lini na uliachiwa kwa hadhi gani. Mkeo au mumeo ajue ilipo. Ikipotea, nakala huombwa kwenye hifadhi ya kumbukumbu za jeshi kule St. Louis. Mwaka 1973 hifadhi hiyo iliungua, yakateketea mafaili kati ya milioni 16 na 18, mengi yakiwa ya askari wa zamani wa jeshi la nchi kavu. Kwa hiyo mimi siiachii serikali kazi ya kunitunzia nakala ya pekee.

Tuje kwenye fidia yenyewe, ambako wengi hukwama. VA inataka mambo matatu: ugonjwa ulio nao leo, tukio au mazingira ya jeshini, na maelezo ya kitabibu yanayounganisha hayo mawili. Hilo la tatu ndilo huangusha maombi mengi. Daktari akiandika tu kwamba goti linauma, hajakusaidia; inatakiwa aseme kuna uwezekano wa angalau nusu kwa nusu kwamba limetokana na utumishi wako, na aeleze kwa nini. Kisha sisi tuliolelewa kujikaza tuna tatizo letu wenyewe: hatukwenda zahanati ya kambi, na siku ya kupimwa na daktari wa VA tunamwambia tuko salama kabla hajamaliza kuuliza. Mweleze siku zako mbaya zikoje. Mkeo anayekuona ukishindwa kupanda ngazi, au mwenzako mliyekuwa naye kikosi kimoja, anaweza kuandika ushahidi wake, na VA inalazimika kuupima.

Wapo wasiohitaji kuthibitisha uhusiano huo. Sheria ya PACT, iliyotiwa saini Agosti 2022, inayahesabu baadhi ya magonjwa kuwa yametokana na utumishi kwa waliokaa karibu na mashimo ya kuchomea taka Iraq, Afghanistan na sehemu nyingine zilizotajwa. Imewaongezea pia magonjwa waliokutana na Agent Orange, dawa ya sumu ya kuua mimea iliyonyunyizwa katika vita vya Vietnam, likiwemo shinikizo la damu. Kama ulikataliwa kabla ya hapo, omba tena.

VA hupima ulemavu kwa asilimia, nazo ndizo huamua kiasi cha fidia. Hesabu yake huwachanganya watu. Ukipewa 50 kwa mgongo na 30 kwa goti, huna 80. VA inachukua 50 kwanza, kisha 30 ya kile kilichobaki, ambayo ni 15. Jumla ni 65, nayo husogezwa hadi 70. Sioni haki hapo, lakini ndivyo sheria ilivyo.

Ukifikia asilimia 30, malipo huongezeka kwa ajili ya mwenzi na watoto, hata kwa wazazi wanaokutegemea wakitimiza masharti ya kipato. Hapa ndipo ndoa zetu huleta kazi. VA huitambua ndoa iliyo halali kwa sheria ya mahali mlipoishi mlipooana, kwa hiyo ndoa ya kimila haitupwi hivi hivi. Ila lazima uithibitishe, na kwa Wakenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa za kimila zisajiliwe. Sajilini wakati wazee waliokaa kikao cha mahari bado wapo hai.

Nasema hivyo kwa sababu ya mjane mmoja niliyemsaidia. Fidia ya mumewe ilipokoma alidhani mambo yameisha. Hayakuwa yameisha, ila hakuna aliyemwambia kwamba mjane huomba mafao mengine kabisa, yanayoitwa DIC, kwa fomu 21P-534EZ. Hulipwa pale kifo kinapotokana na ulemavu wa jeshini, au pale marehemu alipokuwa amehesabiwa mlemavu kamili kwa miaka 10 mfululizo kabla ya kufa, hata kama amekufa kwa jambo jingine. Akiomba ndani ya mwaka mmoja tangu msiba, malipo yanarudi hadi mwezi wa kifo. Upande wa jeshi haukumsumbua sana. Kilichomchelewesha ni kuthibitisha kwamba alikuwa mke, na cheti cha kifo kilichotaja moyo tu bila ugonjwa wa mapafu uliomlaza mumewe miaka. Daktari anapoandika cheti, muulizeni kama maradhi yanayotambuliwa na VA yalichangia, na kama ndiyo, ayaandike. Mjane akiolewa tena akiwa na miaka 55 au zaidi, hapotezi DIC. Watu bado wanatishana na sheria za zamani.

GI Bill ya baada ya 9/11, yaani mafao ya masomo kwa waliotumikia baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, inalipia hadi miezi 36, na unaweza kumpa mwenzi au mtoto, lakini uamuzi huo hufanywa ukiwa bado ndani ya jeshi: uwe umetumikia miaka 6 na ukubali kuongeza 4. Ukishatoka, mlango huo umefungwa. Bima ya maisha uliyokuwa nayo jeshini nayo inahamishika bila maswali ya afya ukiomba ndani ya siku 240 tangu utoke. Mkopo wa nyumba usiohitaji malipo ya awali nautaja tu; mabenki watakutafuta wenyewe.

Wanaofikiria kurudi nyumbani Afrika wasiogope kuhusu fidia, inalipwa popote unapoishi. Matibabu ndiyo hubanwa: nje ya Marekani VA hugharamia tu maradhi inayoyatambua kuwa ya jeshini, kupitia mpango wake wa nje, nao unaandikishwa peke yake. Jiwe la kaburi hutolewa hata kwa kaburi lililo nje ya nchi.

Kuna watu watakaokuambia watakujazia ombi ukiwapa sehemu ya fidia. Wakatae. Vyama vya maveterani kama American Legion, VFW na DAV vina wawakilishi walioidhinishwa na VA wanaofanya kazi hiyo bure, na hakuna anayeruhusiwa kukutoza kwa kuandaa ombi la kwanza. Wakili ana kazi yake baadaye, ukikataliwa. Na ukikataliwa una mwaka mmoja tangu tarehe ya barua: ulete ushahidi mpya, uombe afisa wa juu zaidi alipitie faili upya, au ukate rufaa kwenye bodi ya rufaa. Ukizingatia muda huo, tarehe yako ya mwanzo inabaki ile ile.