Mkuu usilipe hiyo hela, liandikie ghala kwanza

Mkuu mleta uzi, SIMAMA HAPO HAPO. Umesema una pauni 5,000, kuna jamaa wa simu kakupa ofa ya pipa la wiski la Scotland, hogshedi (aina ya pipa) iliyojazwa 2019, ghala bure miaka kumi, na "cheti cha umiliki" unatumiwa siku hiyohiyo ukilipa. Halafu unatuuliza uchukue pipa lililowahi kuweka sheri (mvinyo wa Hispania) au la bourbon (wiski ya Marekani), na kama unaweza kulipeleka zima Dar kwenye sendofu ya binti yako. Na mimi nilianza na swali hilohilo, nilikesha wiki mbili nasoma habari za sheri kama nachunguza mchumba.

Cheti ninacho. Karatasi nzito, mhuri wa dhahabu, namba ya pipa, jina langu kwa ule mwandiko wa kadi za harusi. Nimekitia fremu kipo chooni, wageni wanakisifia. Pauni 4,800, ovataimu ya kuendesha basi Glasgow mwaka mzima na ushee.

Sasa sikia. Wiski ikiwa inakomaa inakaa kwenye ghala la forodha, ushuru bado haujalipwa, kwahiyo pipa huwezi kulibeba ukaondoka nalo hata kama ni lako, na anayejua la nani ni MWENYE GHALA kwenye daftari lake. Muuzaji anatakiwa asaini karatasi inaitwa dilivari oda, inataja namba ya pipa na jina lako, inaenda kwa mwenye ghala, yeye ndo anahamisha kwenye daftari na kukujibu wewe kwa maandishi. Hapo umenunua. Cheti alichoprinti muuzaji ofisini kwake ni sawa na mimi nikuandikie leo kwamba daraja la Kigamboni ni lako.

Mimi sikujua. Miaka miwili natamba kwa washkaji "pipa langu, pipa langu". Siku moja niko depo, zamu ya usiku, sambusa mkononi, nikasema ngoja niwaandikie ghala niulize kama naweza kwenda kupiga nalo picha. Asubuhi jibu likaja, mistari miwili. Pipa hilo tunalo. Halipo kwa jina lako. Nikapiga simu, dada wa watu mpole kabisa, ananiambia samahani siwezi kukutajia ni la nani, ila wewe ni mtu wa tatu kuiulizia namba hiyo. WA TATU. Kumpigia dalali aliyeniuzia, hapatikani, kampuni ishafungwa.

Kinachoniuma, mimi huyuhuyu niliponunua kiwanja Bunju nilienda mpaka ardhi kufanya serchi, nikamuona mjumbe, nikaongea na majirani pande zote nne, maana sote tunajua kiwanja kimoja kinavyoweza kuuziwa watu watatu. Nikafika Ulaya nikaona mzungu na tai, akili ikalala.

Na yule kijana dalali! Kabla sijalipa, kila Alhamisi ananipigia, mpaka hali ya mama anauliza. Akanitumia habari ya pipa la kiwanda cha Ardbeg la 1975 lililouzwa 2022 kwa pauni milioni 16, kana kwamba kihogshedi changu cha mwaka mmoja ni mdogo wake, wakati kisheria hata wiski hakijawa mpaka kifikishe miaka 3. Na ule utamu wa "ghala bure miaka kumi" ndo ulikuwa mtego wenyewe, maana ningekuwa nalipa kodi ya ghala mwenyewe invoisi ingetoka kwao kwa jina langu na wangenijua. Bure yake ilikuwa ya kuhakikisha mimi na ghala hatuonani. Mungu anamuona.

Wala siko peke yangu, 2025 BBC walitoa uchunguzi wa mchezo huu wa pipa moja kuuziwa watu kibao, polisi wa City of London wanafuatilia. Na mimi nimeripoti, nimepewa namba ya kesi, nikipata fremu ya pili naitundika na yenyewe.

Kwahiyo imeili kwa ghala KABLA ya kulipa. Anwani itafute mwenyewe, usitumie aliyokupa dalali. Uliza pipa namba fulani mnalo, lilipimwa lini mara ya mwisho, zimebaki lita ngapi na nguvu ya kilevi asilimia ngapi, na je mtapokea dilivari oda kwa jina langu. Ghala nyingi hazitaki mtu binafsi, wakikujibu hivyo achana na hilo pipa, tafuta kiwanda kidogo kinachouza mapipa yake chenyewe na kukuandika kwenye daftari lao. Dalali akisema ukiwauliza ghala dili litaharibika, liharibike.

Hiyo ya kupeleka pipa zima Dar kwenye sendofu ya binti yako sahau, singo molti (wiski ya shayiri ya kiwanda kimoja) ya Scotland tangu Novemba 2012 lazima itiwe chupa hukohuko Scotland. Na ukiliacha sana malaika wanakunywa kama asilimia 2 kila mwaka, yaani inapotea hewani, nguvu ya kilevi ikishuka chini ya asilimia 40 hata jina la Scotch, wiski ya Scotland, inapoteza. Mengine uliyouliza nimesahau. Sheri au bourbon chukua yoyote, zote tamu likiwa lako.

Nitumie inbox namba ya pipa na jina la ghala. Leo niko ofu, wale wanafunga saa kumi na moja jioni, tuiandike sasa hivi.