Ubao Nilioutupa Mapema Mno
Wiki iliyopita msomaji mmoja aliyeumia uti wa mgongo aliniandikia kuuliza ni lini ataachana na ubao wa kutelezea, ule unaowekwa kama daraja kati ya kitanda na kiti, ahame kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu kwa mikono mitupu kama mimi. Swali hilo lilinichoma, kwa kuwa ubao huo mimi niliutupa kabla ya wakati, na kilichonisukuma hakikuwa nguvu bali kiburi.

Jeraha langu liko kwenye pingili ya 10 ya kifua. Mikono yangu ni mizima, lakini chini ya kitovu sihisi kitu. Asubuhi ile ndugu yangu alisimama mlangoni akinitazama kwa huruma ambayo mpaka leo sijaimeza, nami nikaazimia kumwonyesha. Nilifunga breki, sikujisogeza ukingoni mwa kitanda, nikajiburuta hadi kitini na kumwangalia kwa majivuno. Kumbe kalio lilikuwa limekwaruzwa na gurudumu. Jioni sikujikagua ngozi kwa kioo, na mchubuko ule ukawa kidonda kilichonilaza kifudifudi kwa wiki tisa. Wiki hizo sitazisimulia.

Tangu hapo nina amri moja: makalio huinuliwa, hayaburutwi. Kiti hukiweka mshazari karibu na kitanda, nikakivuta nyuma kidogo ili magurudumu madogo yaelekee mbele na kiti kisipinduke, kisha nikafunga breki zote mbili na kuondoa kiegemeo cha mkono cha upande wa kitanda. Nyayo hukanyaga sakafu, wala haziachwi juu ya vikanyagio. Hujisogeza ukingoni ili nipite mbele ya gurudumu, nikainama na kupeleka kichwa upande ulio kinyume na ninakokwenda, maana kichwa kikishuka kushoto, makalio huinuka kwenda kulia. Siri hiyo hupunguza kazi ya mabega kuliko misuli yoyote ya kujivunia. Asiyeweza kuvuka kwa mara moja na avuke kwa mara tatu, mradi kila mara ainuke.

Ninyi mnaotuhudumia, msituvute kwa makwapa, kwani bega lililoteguka kwetu ni sawa na mguu wa pili kuvunjika. Nawe ndugu yangu uliyeniandikia, kabla ya kuuonea ubao aibu, jiulize ni nani unayetaka akuone. Mabega haya sasa ndiyo miguu yetu, nasi hatuna mengine ya akiba, kwa hiyo tuyatumie kwa zamu, leo kutangulia na la kulia, kesho na la kushoto.

Ubao wangu nilikwisha uokota. Jana niliutumia kuingia garini, kwa sababu kiti cha gari kilikuwa juu kuliko changu na bega la kulia lilikuwa likiuma, na ndugu yangu yuleyule ndiye aliyenishikia mlango.